Watu wa Mji Huketi Wapi?

Mwezi wa Agosti mwaka huu baba yangu alishuka kutoka upande wa Murang'a kuja kumtazama mjukuu wake, mwanangu wa kiume, aliyekuwa amevunjika mguu. Mtoto huyo ndiye somo yake, maana kwa desturi yetu Wakikuyu mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo mguu uliovunjika ulikuwa kama mguu wake mwenyewe, naye hakuridhika na habari za simu. Mimi ni karani katika ghala moja la biashara mjini Thika, na nyumba yangu iko Ruiru. Tulipatana kwamba siku ya Jumamosi atashuka matatu pale Thika, aningojee hata saa saba ninapotoka kazini, kisha twende nyumbani pamoja.

Lakini wazee hawajui kuchelewa. Saa tatu ya asubuhi alikuwa amekwisha fika. Nami sikuwa na ruhusa ya kumwingiza kazini, basi nikamwambia kwa simu, "Baba, tafuta mahali uketi, nitakuja." Neno hili nililisema kwa wepesi, kama mtu amwambiaye mwenziwe anywe maji. Saa saba nilipompata alikuwa amesimama juani karibu na steji, fimbo mkononi, kikapu cha ndizi na viazi vitamu miguuni pake, na uso wake haukuwa uso wa furaha.

Alinieleza tulipokuwa tukitafuta gari. Kwanza aliketi juu ya ngazi za duka moja. Askari wa mlangoni akamwambia kwa heshima, "Mzee, hapa ni njia ya wateja." Akaondoka, akaketi kwenye ukingo wa saruji uliozunguka maua mbele ya jengo kubwa, akaja askari mwingine, huyu hakuwa na heshima nyingi. Ndipo akaingia hotelini akaagiza chai. Alipomaliza kikombe, msichana wa kazi akaja akasimama mbele yake, "Mzee, nikuongeze?" Mzee si mjinga, akafahamu maana yake. Akanywa cha pili, akanywa cha tatu. Na chai vikombe vitatu kwa mtu wa miaka themanini na zaidi ni jambo zito, ikambidi kutafuta choo, na mlangoni pa choo alikuwako kijana mwenye meza, akadai shilingi kumi.

"Nimelipa kuiingiza chai, nikalipa tena kuitoa," akasema. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, watu wa mji huu huketi wapi?"

Nilicheka, nikamjibu kwamba watu wa mji hawaketi, wanakwenda.

"Hata ng'ombe huenda," akasema, "lakini hufika mahali akalala, akacheua."

Wasomaji wenzangu, tangu siku ile swali hilo halijaniacha. Nimefanya kazi Thika miaka kumi na tisa, na kama mtu angaliniuliza kabla ya siku ile, ningalisema naujua mji huu kama kiganja changu. Nikaanza kuhesabu moyoni mahali ambapo mtu aweza kuketi bila kununua kitu na bila kuulizwa anangojea nini. Nilihesabu haraka kuliko nilivyotazamia.

Thika si mji mchanga. Reli ilifika hapa kutoka Nairobi mwaka wa 1913, na hata kabla ya reli, mwaka wa 1908, ilikuwako ile hoteli ya Blue Posts, katikati ya mito miwili, Chania na Thika, mahali ambapo maporomoko ya maji hupendeza sana. Bibi Elspeth Huxley alitoa kitabu chake cha habari za utoto wake Thika mwaka wa 1959, na mpaka leo wageni wajapo huuliza habari za maporomoko hayo. Mimi nimeyaona mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimealikwa arusi. Iko pia bustani ya Mugumo, iliyopewa jina la mti ambao wazee wetu husimulia kwamba Mugo wa Kibiru alitabiri habari zake, kuwa siku utakapoanguka ndiyo siku utawala wa Waingereza utakapokwisha. Na mti ukaanguka mwaka wa 1963. Baba alitaka kupaona, lakini kikapu kilikuwa kizito na mtoto alikuwa anangoja, kwa hiyo hatukwenda. Soko la Jamhuri lina watu walioketi, tena mamia. Lakini hao huketi kwa kuwa wana kitu mbele yao cha kuuza, na kila asubuhi hulipia nafasi ile. Kanisani mtu huketi, siku ya ibada. Uwanjani mtu huketi, siku ya mchezo.

Nilipokuwa kijana nilipata kazi ya mwaka mmoja Mombasa, nikapanga chumba Mji wa Kale. Huko niliona kitu ambacho wakati ule sikukitilia maanani. Nyumba nyingi za zamani zina kiti cha mawe nje, kimejengwa pamoja na ukuta kando ya mlango, nacho huitwa baraza. Wazee huketi hapo baada ya sala ya alasiri, muuza kahawa akapita na buli lake, mgeni akapumzika kabla hajabisha hodi. Nimeambiwa Lamu ndivyo ilivyo pia. Mwenye nyumba aliyejenga baraza ametoa futi mbili tatu za gharama yake kwa ajili ya makalio ya watu asiowajua. Sisi wa bara tulilichukua neno lile tukaliita mkutano wa chifu, ambapo mwananchi husimama juani na chifu huketi kivulini. Nasema hivi kwa mzaha, lakini si mzaha mtupu.

Basi tukapanda gari. Matatu nayo ni mahali pa watu wote, na labda ndipo watu wa Thika na Ruiru wanapokaa pamoja kwa muda mrefu kuliko mahali pengine po pote. Jina lenyewe lilitokana na senti thelathini, yaani mapeni matatu, iliyokuwa nauli ya zamani. Na tangu mwaka wa 1973, Rais Kenyatta alipozipa ruhusa kuchukua abiria bila leseni ya mabasi, zimekuwa ndiyo miguu ya nchi. Ndani yake kuna adabu zake ambazo hazikuandikwa. Mtu hupokea nauli ya aliye nyuma akaipitisha mbele, na chenji ikarudi kwa mikono minne bila kupotea hata shilingi. Mwanamke mwenye mtoto hupokelewa mzigo na mtu asiyemjua. Tangu sheria za Bwana John Michuki za mwaka wa 2004 kila mtu ana kiti chake na mkanda wake, hatubanani kama zamani, ingawa saa za jioni makanga wengine husahau hesabu. Baba alipewa kiti cha dirishani na msichana mmoja aliyeinuka bila kuambiwa. Akaketi, akaweka fimbo katikati ya magoti, akapumua kwa nguvu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa nimeketi. Na hapa pia nimelipa."

Barabara ya Thika aliijua ya zamani, yenye njia chache na ajali nyingi. Hii ya sasa ilianza kujengwa mwaka wa 2009, ikafunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, urefu wake yapata kilomita 50 na mahali pengine ina njia nane. Ilitumia zaidi ya shilingi bilioni 30. Siisemi vibaya, kwa kuwa zamani kutoka Nairobi hadi Thika mtu aliweza kutumia nusu ya siku, na leo, foleni isipokuwako, hata saa moja haiishi. Lakini barabara hii ilijengwa kwa ajili ya mwenye gurudumu. Mwenye miguu alikumbukwa baadaye, na wengi walipoteza maisha wakikimbia kuivuka, maana mtu aliyezoea kwenda kumwona nduguye ng'ambo kwa hatua mia moja hakuelewa kwa nini sasa atembee mbali sana kutafuta daraja. Mimi mwenyewe nimeivuka mbio mara nyingi, na najua nilivyokuwa mjinga.

Tuliposhuka Ruiru ilitupasa kuvuka kwa daraja la miguu. Baba alipanda polepole, akisimama. Juu ya daraja walikuwako wauza soksi, wauza miwani, mama mwenye njugu, na kijana mmoja aliyetandika vitabu vya mitumba. Watu walipita kwa shida katikati yao. Watumishi wa kaunti huja kuwafukuza, nao hukunja mali zao kwa mkono mmoja wakashuka, na baada ya nusu saa wamerudi. Mtu mwenye haraka huwakasirikia, nami nimepata kuwakasirikia. Lakini baba alisimama katikati ya daraja, magari yakipita chini yetu kama mto wa mafuriko, akanunua njugu za shilingi ishirini, akaongea na yule mama habari za mvua za Kandara, kwa kuwa alimjua kwa usemi wake kwamba ni wa kwetu. Wakaongea kama robo saa. Yeye, baba yangu, mgeni, alipata baraza juu ya daraja, nami niliyelipita miaka mingi sikuwahi kumsalimu mama yule.

Sasa niwaeleze Ruiru, kwa wale wasioijua. Zamani, ukisema Ruiru, mkulima alifikiri kahawa. Mashamba makubwa yalizunguka mji pande zote, na kituo cha uchunguzi wa kahawa kiko hapo mpaka leo. Aina ya mbegu iitwayo Ruiru 11, ambayo wakulima wengi wanaosoma habari hizi wameipanda kwa sababu hustahimili maradhi ya chule buni, ilitolewa hapo mwaka wa 1985. Lakini Nairobi ilipojaa, ilimwagika upande huu. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2009 ilikuta watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya mwaka wa 2019 ilikuta 490,120. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi kila mtu aliyekuwako alizaliwa pacha wake, tena akahitaji chumba, maji, choo, shule na njia ya kupita. Shamba lililokuwa na safu za kahawa sasa lina safu za majumba ya ghorofa tano, sita, ukuta kwa ukuta. Ukifungua dirisha waweza kupokea chumvi kutoka kwa jirani.

Maisha ya humo si mabaya kama wengine wanavyodhani. Juu ya paa la kila ploti kuna kamba za nguo, na akina mama huzungumza huko habari ambazo waume zao hawazijui. Kwenye kona yetu yuko mama mmoja auzaye sukuma wiki na nyanya. Huyu ndiye posta, ndiye polisi, ndiye benki yetu ndogo. Ukipotewa na ufunguo, uko kwake. Ukitaka kujua maji yatakuja siku gani, muulize yeye. Ana gunia la mchanga ambalo mtu mmoja aweza kuketi, na kiti hicho kimoja kina wateja zaidi ya nyanya. Lakini watoto hawana mahali. Hucheza ngazini, wakafukuzwa kwa makelele. Hucheza pale magari yanapoegeshwa, wakafukuzwa kwa ajili ya vioo. Mwisho hucheza njiani.

Na njiani ndiko mwanangu alikovunjikia mguu. Mpira ulikimbia, naye akaufuata, na kijana wa bodaboda akaja. Ni lazima niseme kweli, kijana yule hakuwa akienda mbio, na ndiye aliyembeba mtoto kumpeleka hospitali kabla sijapigiwa simu.

Tulipofika nyumbani baba aliketi kando ya kitanda cha somo yake. Aligonga ile plasta kwa kidole kama mtu agongaye mtungi kujua kama umejaa. Wakacheka pamoja. Halafu mtoto akamweleza jinsi mambo yalivyokuwa, mpira, njia, pikipiki. Baba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Ule uwanja uko wapi?"

Nilijifanya sikuelewa.

"Uwanja wa watoto," akasema. "Uliokuwa katika ramani."

Hapa, msomaji, ndipo ninapofika katika jambo ambalo sikulitaka, nami nimeandika habari za chai na daraja kwa kirefu ili nichelewe kulifikia.

Mwaka wa 2006 mimi na wenzangu sitini na watatu tulijiunga katika chama, tukanunua eka nane zilizokuwa shamba la kahawa. Fedha zangu hazikutosha. Nilikwenda nyumbani na ramani ya mpimaji, nikaitandaza mbele ya baba mezani, naye akauza fahali wake mmoja na mbao za miti mitano ya grevilia ili niongeze. Alitaka kujua kila mstari maana yake nini. Nikamwonyesha: hizi ni ploti, futi arobaini kwa themanini, hii ni njia, na hapa, mraba huu mpana usio na namba, ni eka moja ya matumizi ya wote, watoto watacheza mpira, na watu watafanya mikutano na arusi. Nakumbuka alivyouweka mkono wake juu ya mraba ule, akasema, "Hapa ni pazuri." Sasa ni zaidi ya miaka kumi na minane, lakini mtu aliyeuza fahali hasahau ramani.

Mwaka wa 2011 barabara kuu ilipokuwa ikijengwa, bei ya ardhi ilipanda kama moshi. Akatokea mnunuzi. Chama kikaitisha mkutano, na wakati huo uwanja ulikuwa nyasi tu na mashina ya kahawa, pamoja na takataka zilizotupwa na watu wa nje. Mmoja akasema kwamba uwanja usiotunzwa ni maficho ya wezi, na hilo lilikuwa kweli, mke wa mwanachama mmoja alikuwa amenyang'anywa kipochi hapo. Mwingine akasema shule zina viwanja vyake. Mwingine akasema, nani atalipa ukuta, nani atalipa mlinzi? Hakuna aliyesimama kusema kinyume, isipokuwa mama mmoja mjane, naye aliambiwa kwa upole kwamba muda umekwisha. Tukaulizwa tuinue mikono. Mimi nikainua wangu. Wakati huo nilikuwa na binti mdogo tu, mwana wa kiume hajazaliwa, na nyumba yangu ilikuwa kuta bila madirisha. Kila mwanachama alipata shilingi 140,000. Nikanunua madirisha, milango miwili, na tangi la maji.

Leo juu ya uwanja ule kuna majumba mawili ya ghorofa, na chini yake ni baa.

Nilimweleza baba yote haya mbele ya mtoto, maana hapakuwa na chumba kingine. Hakukasirika. Afadhali angalikasirika. Alitazama madirisha yangu moja moja, kama mtu ahesabuye mbuzi wake jioni, kisha akaniomba nimpeleke akapaone mahali hapo. Tukaenda. Muziki wa baa ulikuwa umekwisha anza. Hapakuwa na pa kuketi, akaegemea fimbo.

Akaanza kunieleza habari ambazo nilikuwa nimezisikia nusu nusu tangu utotoni. Wakati wa Hali ya Hatari, mwaka wa 1954, naye akiwa mvulana wa miaka kama kumi na miwili, watu wa wilaya ile iliyokuwa ikiitwa Fort Hall waliondolewa katika maboma yao wakawekwa katika vijiji vilivyozungukwa na handaki. Baadaye, miaka ile ya hamsini ikielekea mwisho, vipande vya mashamba vikapimwa na kuunganishwa, kila mtu apate shamba lake mahali pamoja. Babu yangu alikuwa na vipande saba. Vilijumlishwa, lakini kabla hajapewa shamba moja, alikatwa sehemu kidogo, kama walivyokatwa wote, kwa ajili ya barabara, soko na shule.

"Baba yangu alinung'unika kwa ajili ya sehemu ile mpaka alipokufa," akasema. "Kila tulipopita shuleni alisema, ile pembe pale ni ya mahindi yangu. Alisema hivyo hata siku nilipokupeleka wewe kuandikishwa darasa la kwanza."

Hakuongeza neno. Tukarudi nyumbani, tukala viazi vitamu.

Nimesikia watu wakisema kwamba mambo ya bustani na viwanja ni anasa ya matajiri. Sikubali, maana tajiri ana ua wake. Mwaka wa 1906 Bwana A. M. Jeevanjee alipoitoa ile bustani yake katikati ya Nairobi kwa ajili ya watu wa mji, hakuwa yeye aliyekosa mahali pa kuketi. Na mwaka wa 1989, serikali na chama tawala walipotaka kujenga mnara wa ghorofa sitini katika Uhuru Park, Bi Wangari Maathai aliandika barua huku na huku, akatukanwa, akachekwa hata bungeni, walakini mnara haukujengwa. Wakati ule nilikuwa shule ya msingi, na mwalimu wetu alituambia kwamba mwanamke yule ana wazimu. Miaka kumi na mitano baadaye alipewa nishani ya Nobel. Mimi sikutakiwa kuandika barua wala kutukanwa. Nilitakiwa nisiinue mkono.

Chama chetu bado kina kipande kimoja kidogo, kama futi hamsini kwa hamsini, kando ya kisima tulichochimba. Hakitoshi mpira, lakini watoto wadogo waweza kukimbia hapo, na mtu aweza kupanda miti miwili mitatu. Kuna shauri la kujenga humo vibanda sita vya kukodisha, na mkutano utakuwa mwezi wa Desemba. Nimekwenda kwa wanachama kumi na mmoja, nyumba kwa nyumba. Wanne wamekubaliana nami. Mmoja alinikumbusha, na hakukosea, kwamba madirisha yangu ni ya uwanja ule. Yule mama mjane, nilipomwendea, alinikaribisha chai, akanisikiliza, akasema atafikiri.

Tena nimefanya jambo moja dogo. Nilimwita fundi seremala, akanitengenezea benchi la mbao nene kwa shilingi 2,800, nikaliweka nje ya lango langu kwenye kivuli cha ukuta. Mke wangu hakupenda, na jirani yangu mwenye ploti ya kupangisha alikuja siku ya pili kunionya kwamba nitakusanya wavivu. Wote wawili wana haki kiasi chao. Asubuhi hukuta maganda ya njugu na vipande vya sigara, na Jumamosi moja usiku walevi wawili waliimba hapo mpaka saa nane. Tena kwa sheria benchi lile limesimama katika ardhi ya barabara, na watumishi wa kaunti wakija kulichukua sina la kusema. Lakini mama wa sukuma wiki hutuma wateja wake wazee waje wangojee hapo, na mchana wa jua kali nimeona mwanamke mjamzito ameweka ndoo yake chini, amefumba macho.

Baba alirudi kwake siku ya Jumatatu kabla benchi halijafika. Nilimpigia simu nikamweleza. Akaniuliza lina urefu gani. Nikamwambia, watu wanne. Akasema watano, wakisogeleana.

Juzi nilirudi kutoka kazini nikamkuta yule kijana wa bodaboda ameketi hapo, pikipiki yake ameiegesha ukutani. Mwanangu alikuwa kando yake, mguu wa plasta ameunyosha juu ya benchi, wanabishana habari za mpira wa Uingereza. Kijana aliponiona akashtuka, akataka kuinuka. Nikamwambia akae.

Plasta itaondolewa wiki ijayo. Mtoto amekwisha kuniuliza mpira wake uko wapi.